Dogo kakosa MD (udaktari), kapata Maabara Bugando na Fizio Moshi. Mtaani wanasema hakuna ajira, hospitalini wanasema hakuna watu. Nani muongo?

#1 Ng'wana Magu
Wakuu mwangaluka. Dogo wetu kamaliza fom siksi PCB (fizikia, kemia, baiolojia), matokeo sio mabaya ila MD imegoma vyuo vyote alivyoomba, wenye A zao wamejazana huko. Amechaguliwa Maabara hapa hapa Mwanza, Bugando, na Fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) kule Moshi KCMC. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanataka athibitishe kimoja na nyumbani sasa hivi hakukaliki, bi mkubwa anataka arudie mtihani mpaka udaktari upatikane, anko anasema maabara, dogo mwenyewe ukimuuliza anaangalia simu.

Kinachonichanganya mimi ni hiki. Mtaani kwetu Buhongwa wapo vijana wenye vyeti vya maabara na leseni juu, mmoja anapiga bodaboda mwingine anakaanga chipsi. Lakini juzi nimempeleka mgonjwa kituo cha afya huko wilayani, maabara ina kufuli, tunaambiwa mtaalamu yupo mmoja na yupo semina, tukapimiwe mjini. Sasa kama watu hawatoshi hawa wa mtaani wanafanya nini mtaani? Nawasilisha.

#2 Jiwe la Bismarck
Nipo pale nimekaa, wenye kada zao waje.

#3 Slaidi Chafu
Mtoa mada mimi ni mtu wa maabara, nipo serikalini huku huku kanda ya ziwa. Jibu ni moja tu: kibali. Huo upungufu unaousikia kwenye taarifa unahesabiwa kwa ikama, yaani kituo cha ngazi fulani kinatakiwa kiwe na watu kadhaa wa maabara, waliopo hawafiki, basi pengo hilo ndio upungufu. Ila ikama hailipi mshahara mkuu. Mpaka kibali cha kuajiri kitoke na hela iwepo kwenye bajeti ndio unaona tangazo Ajira Portal, ule mtandao wa ajira za serikali, na likitoka nafasi ni chache halafu wanaomba wahitimu wa mwaka huu pamoja na wale wa miaka yote ya nyuma waliokuwa wanasubiria. Kwa hiyo hakuna muongo hapo, hospitali haina watu na mtaani watu wapo.

Dogo aje maabara. Watu wanadhani ni mkojo na malaria tu, hawajui damu ikitaka kuongezwa mgonjwa wa upasuaji saa nane usiku anayeamua ipi inamfaa ni huyu mtu asiyeonekana, akichanganya kundi mgonjwa anaweza kufia mezani. Kwetu huku siko seli (selimundu) ni nyingi, TB ipo, kichocho usiseme. Kazi ya maabara kanda hii haiishi.

#4 Dada wa Pasiansi
Slaidi Chafu umeruka upande wa vyuo. Mnakumbuka zamani chuo cha afya ulikuwa unakisikia hospitali kubwa au kwa wamisionari, sasa hivi panda daladala Nyegezi mpaka Igoma uhesabu mabango. Na wengi wanakimbilia kada zile zile, tabibu, uuguzi, famasi, maabara, kwa sababu ukiwa na darasa, hadubini kadhaa na walimu wa kuazima kozi imeanza. Kibali hata kingetoka kila mwaka kisingemaliza wale watu. Fizio na mionzi vyuo vichache ndio maana wahitimu wachache, dogo aende Moshi.

#5 Kamba ya Nyavu
Fizio aajiriwe wapi dada yangu? Zahanati haina nafasi ya fizio kwenye ikama, kituo cha afya ni bahati nasibu, unabaki hospitali ya wilaya kwenda juu. Nchi hii zahanati ndio nyingi kuliko hospitali, mtu wa maabara anaweza kupangiwa popote, fizio amejifungia milango yote ya chini. Wahitimu wachache ndio, na viti vichache pia.

#6 Magoti Mawili
Nimeitwa nimekuja. Mimi fizio, nimesoma huko huko Moshi. Kamba ya Nyavu kuhusu zahanati upo sahihi sikatai, ila kuna kitu hamkioni mkiwa nje. Shida ya fizio sio viti, shida wagonjwa hatuletewi. Mtu wa bodaboda kavunjika paja, kawekewa chuma vizuri kabisa, anaruhusiwa kwenda nyumbani hakuna aliyemwandikia aje kwetu, anakaa na mguu umenyooka mpaka goti linaganda, akija halikunji tena, hapo ndugu washampeleka kwa mchua viungo akavutwa akalia akarudishwa. Kiharusi hivyo hivyo, mkono ushajikunja ndio wanatafuta mazoezi. Sasa bosi wa hospitali akiangalia rejista ya fizio anaona wagonjwa kiduchu anasema wa nini kuongeza mtu.

Watoto wanaozaliwa na nyayo zilizogeuka ndani ndio raha ya kazi yangu. Unamfunga plasta, wiki inayofuata unaitoa unasogeza mguu kidogo unafunga nyingine, hivyo hivyo plasta kadhaa, wengi wanakatwa kano ya kisigino kisha wanavalishwa viatu vyenye chuma katikati, wanakuja kutembea kama wenzao bila operesheni kubwa. Mama anayeleta mtoto hivyo hajali kama wewe ni MD au nani.

Na mezani pangu siishi kwa mshahara tu. Jioni nazunguka Isamilo na Capripoint kwa wazee wa kiharusi, ndugu wanalipa.

#7 Jiwe la Bismarck
Hivi fizio si ndio wale wa masaji?

#8 Magoti Mawili
Njoo na hicho kiuno nikufanyie masaji, utaondoka unaniita daktari.

#9 Mzee wa Makongoro
Vijana mnabishana, zamani hakukuwa na haya. Chuo cha Bugando kimeanza 1971 na waliosoma pale wote walipata kazi siku wanamaliza.

#10 Kitabu Kimechanika
Mzee wangu shikamoo. 1971 ni hospitali. Chuo kikuu kilianza 2003 kama tawi la SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) wale wa Malimbe, baadae kikajitegemea ndio hii CUHAS. Vyuo vya diploma ndio vilikuwa vinaendeshwa pale hospitali kabla ya hapo.

#11 Mzee wa Makongoro
Marahaba. Mimi nimesema waliopata kazi, habari ya tawi sijaiongelea.

#12 Jiwe la Bismarck
😂😂 mzee kaikwepa hiyo kama kambale

#13 Aproni ya Risasi
Nyuzi za afya kila siku mionzi mnatuweka mkiani. Mtoa mada dogo angejaza radiolojia angekuwa na hesabu nyingine kabisa. Hapa Mwanza peke yake eksirei na siti skani za watu binafsi zinaongezeka, Bugando wana tiba ya mionzi ya kansa, kabla ya hapo mgonjwa wa Geita au Kagera alikuwa anapelekwa Ocean Road Dar. Zile mashine hazijiendeshi.

Ila nami nina maelezo yangu juu ya swali la msingi na sio kibali wala vyuo. Ni vifaa. Unaweza kuajiri mtu wa mionzi, mashine ikifa wanasubiri fundi na kipuri miezi, yeye anakaa anapanga mafaili. Maabara kadhalika, mtu yupo, rijenti (kemikali za kupimia) hakuna. Kile kituo cha mtoa mada chenye kufuli mimi nahisi hata huyo jamaa asingekuwa semina angewaambia kipimo hakipo. Mnahesabu watu tu, hamuhesabu vifaa.

#14 Kijana wa Igogo
Aproni nasikia mkikaa na hizo mashine mnazaa mabinti tu, wengine hamzai kabisa. Ndio maana watu wanaogopa kozi yenu.

#15 Aproni ya Risasi
Nina madume mawili nyumbani yanakula ugali kama wavuvi. Sikiliza mdogo wangu. Kifuani navaa kibeji kinaitwa TLD, kinakusanywa kinapelekwa kusomwa, Tume ya Nguvu za Atomiki wanajua nimepokea kiasi gani. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na anayefuata utaratibu anakuwa chini sana ya hapo kwa sababu picha inapopigwa yeye yupo nyuma ya ukuta wenye risasi, yaani yale madini mazito ya ledi yanayozuia mionzi. Halafu kuna umbali, ukitoka mita moja ukasimama mita mbili dozi inashuka mpaka inabaki robo, sio nusu. Na ultrasaundi na MRI hazina hiyo mionzi kabisa, MRI ni sumaku, hatari yake ni mtu kuingia na mtungi wa oksijeni wa chuma ukaruka.

#16 Kijana wa Igogo
Sawa mkuu. Ila jirani yangu wa eksirei ana mabinti watano.

#17 Aproni ya Risasi
Na jirani yako mwingine mwenye mabinti watano anauza mkaa, naye tumpime?

#18 Mwiba wa Pembeni
Wabeja mtoa mada, uzi mzuri. Nipo kisiwani huku Ukerewe, maabara. Slaidi Chafu na Dada wa Pasiansi wote mnaongea kama watu wa mjini. Huku tangazo lilishatoka watu wakapangiwa, mwingine akaripoti akaangalia ziwa lilivyo akaangalia nyumba ya mtumishi, akaanza kutafuta barua ya uhamisho, mwingine hakuripoti kabisa. Nafasi ilijazwa kwenye karatasi. Vijana wanataka ajira Mwanza mjini, kila mtu anataka Nyamagana na Ilemela, ukimwambia kisiwa cha pili kutoka hapa anasema bora bodaboda. Kwa hiyo mimi nasema sababu ni sisi wenyewe.

Na anayekuja anajifunza kuliko aliyebaki. Kichocho hiki mnachokisoma vitabuni huku ndio chakula cha kila siku. Unachukua kinyesi unakipitisha kwenye kichungio, unajaza kale katundu ka kiolezo, kanashika miligramu 41.7, unafunika na karatasi laini iliyolowa glisarini na rangi ya kijani, unahesabu mayai unazidisha mara 24 unapata mayai kwa gramu. Yai la mansoni, kichocho cha tumbo, lina mwiba ubavuni, lile la kichocho cha mkojo mwiba upo mwishoni. Wanafunzi wa chuo wakija fildi wanashangaa wanaona slaidi zimejaa, walikuwa wameona picha tu.

#19 Slaidi Chafu
Mwiba wa Pembeni heshima yako. Ila usiwasingizie vijana wote. Mimi mwenyewe niliomba wilaya za pembeni sikuchukuliwa, na kuna wenzangu wapo tayari kwenda hata Ukara kesho asubuhi, majina yao hayatoki. Wanaokataa wapo, hawatoshi kuwa sababu.

#20 Kamba ya Nyavu
Swali nje ya mada, kama nimeoga ziwani tangu utoto nina kichocho?

#21 Mwiba wa Pembeni
Inawezekana sana, na unaweza usijisikie kitu. Kapime, dawa ipo, ni prazikwanteli, unapimwa kimo au uzito unapewa vidonge vyako. Kula kwanza maana inachefua. Ukirudi kuoga unaupata tena.

#22 Kamba ya Nyavu
Nitaachaje kuoga dagaa zangu zikiwa ziwani we mtu. Nakuja.

#23 Fremu ya Vipimo
Nina maabara binafsi, niongee upande ambao hamuupendi. Hesabu za biashara ni kodi ya fremu, umeme, rijenti, leseni, mashine, halafu ndio mshahara. Akija mwenye digrii anataka mshahara wa digrii na akija wa diploma anafanya vipimo vile vile ambavyo wateja wangu wanaulizia, malaria, taifodi, mkojo, sukari, ujauzito. Nitamchukua nani? Kwa hiyo wa digrii wanajikuta hawatakiwi mitaani sio kwa kukosa akili ila kazi ya mtaani haihitaji yale waliyosoma. Kazi zao zipo hospitali za kanda, maabara za utafiti, NIMR pale (taasisi ya utafiti wa magonjwa), viwanda vya rijenti, na huko milango ni myembamba.

Mchezo mchafu upo pia. Kuna watu wananing'iniza cheti cha mtu ukutani, mwenye cheti hata haji, anayepima ni mtoto wa mjomba wao. Cheti kimoja kinafunika ajira ya watu wengine. Sisemi ni nani.

#24 Dada wa Pasiansi
Fremu na hiyo taifodi mnayompa kila mtu mwenye kichwa kinauma tuianzishie uzi wake 😂

#25 Fremu ya Vipimo
Mteja anakuja anasema nipime taifodi, nisipompima anavuka barabara kwa jirani. Nyie endeleeni.

#26 Mama Kulwa
Wanangu nimewasoma wote toka juu. Mimi ni mzazi kama huyo bi mkubwa. Wa kwangu alirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, kemia ikapanda, yupo MD mwaka wa tatu sasa. Msimcheke huyo mama. Udaktari ni udaktari, hata harusini wanakutangaza, hamjawahi kusikia "tunaomba mfiziotherapia asimame".

#27 Magoti Mawili
Mama shikamoo. Kweli harusini hatusimamishwi, ila wakitoka kucheza kwaito viuno vimekaza wananitafuta mimi.

#28 Kitabu Kimechanika
Mama Kulwa hongera kwa kijana, ila tuseme yote. Nina binamu alirudia point zikashuka, mwaka umekwenda, ile nafasi ya maabara aliyoiacha hakuipata tena kwa sababu waliomaliza mwaka ule walikuwa wakali zaidi. Kurudia ni mtego wa pande mbili. Na MD ni miaka mitano na intan (mafunzo ya kazi hospitalini) mwaka mmoja juu yake, halafu wapo madaktari mtaani pia siku hizi, mnajua hilo?

Halafu mkopo. Bodi wakikukopesha siku ukipata kazi wanakata asilimia 15 ya mshahara. Kozi ndefu deni nene. Dogo aangalie na hapo.

#29 Tabibu wa Zamani
Kuna njia ya katikati hakuna aliyeitaja. Achukue diploma, tabibu au hiyo hiyo maabara, apate kazi mapema, GPA ikiwa nzuri anaunga digrii baadae. Nimefanya hivyo mimi. Wakati wenzangu wa digrii wanasubiri kibali nilikuwa tayari kituo cha afya nakula mshahara, mdogo lakini upo.

#30 Slaidi Chafu
Tabibu wakati wako. Siku hizi wa diploma ndio wamejaa zaidi, rudi post #4.

#31 Tabibu wa Zamani
Wamejaa kwa sababu wengi wamesoma wakifaulu kwa kuungaunga, mwenye mkono mzuri anachukuliwa. Nimekaa kwenye usaili upande wa pili wa meza nimeona, mtu ana cheti hajui kuandaa slaidi ya damu inatoka nene kama tui la nazi.

#32 Mwiba wa Pembeni
Hapa Tabibu kapiga penyewe. Chuo kimedahili wanafunzi wengi, hospitali ya fildi moja, wanagombania hadubini moja kumi kumi. Wanahitimu wametazama migongo ya wenzao. Kwa mwajiri hapo hata mtu akiwepo ni kama hayupo.

#33 Dada wa Pasiansi
Ndio nilichosema toka #4 mkaniona nina chuki na vyuo.

#34 Aproni ya Risasi
Bado nipo kwenye vifaa. Hadubini moja watu kumi, hicho si kifaa?

#35 Kamba ya Nyavu
Kila mtu kashika pembe yake ya ng'ombe hapa.

#36 Ng'wana Magu
Wakuu wabeja sana, nimemsomea dogo uzi wote leo jioni, safari hii kaweka simu chini. Ameuliza mambo mawili. La kwanza, akienda Moshi kule TATCOT wanaotengeneza miguu ya bandia ni chuo kimoja na fizio au tofauti? La pili, usajili wa fizio upo baraza gani maana maabara ameona wana lao.

#37 Magoti Mawili
TATCOT wapo pale pale Moshi, toka 1981, wanafundisha viungo bandia na vifaa saidizi, wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika. Ni kozi tofauti na fizio ila mtakutana sana kwa mgonjwa mmoja, yeye anatengeneza mguu wewe unamfundisha kuutembelea. Usajili wetu upo Baraza la Madaktari Tanganyika, ile sheria ya 2017 ya madaktari na kada shirikishi. Maabara wana baraza lao, famasi wana lao. Na mwambie kwa swali hilo tu huyo ni fizio.

#38 Slaidi Chafu
Acha kurubuni watoto. Mtoa mada mwambie akiwa Bugando anakula nyumbani Buhongwa, Moshi atakula nini na bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) linachelewa?

#39 Mama Kulwa
Na mama yake je, mmemsomea?

#40 Ng'wana Magu
Kasoma mpaka ile ya harusini, akasema huyo Mama Kulwa ndio mwenye akili humu ndani.

#41 Jiwe la Bismarck
😂😂😂 kesi imerudi mwanzo

#42 Mwiba wa Pembeni
Wakati mnaendelea, nani anatoka Sengerema siku hizi na kuvuka daraja la Busisi? Nataka kujua wenzetu wa huko wakileta sampuli Bugando kwa gari asubuhi zinafika saa ngapi, enzi za kivuko zilikuwa zinawaharibikia foleni.

#43 Kijana wa Igogo
Toka lifunguliwe Juni 2025 hakuna foleni ya maji tena, unapita tu. Foleni yako utaikuta ukishaingia mjini, hapo Mkuyuni na Igogo, weka barafu ya kutosha.

#44 Kamba ya Nyavu
Nimepimwa leo. Mwiba wa Pembeni nakuja PM.